Aliyenyonya Baharini

Zilikuwa zimebaki siku tatu meli ifike Mombasa.

Kahonzi alichukua ndoo, kamba na kipimajoto, akateremka ngazi ya chuma kwenda tezi, nyuma kabisa ya meli, kuchota maji. Ilikuwa kazi ndogo ya kila magharibi. Jua likigusa bahari, mwanafunzi wa zamu hutumbukiza ndoo, hupima joto na chumvi, huandika daftarini, basi. Dakika kumi tu. Zamu ya siku za mwisho ilimwangukia yeye.

Huko juu wenzake walikuwa wakiandikiana majina kwenye fulana. Walikuwa wanafunzi thelathini na sita kutoka nchi kumi na moja, na kwa miezi minne meli ile ya masomo ilikuwa ndiyo darasa lao na ndiyo nyumba yao. Walikwenda Kochi, Colombo, Bali, Morisi, Shelisheli, wakisoma habari za maji na viumbe vyake. Sasa walikuwa wakilia kwa kuachana na bado hawajaachana. Nyakio, msichana wa Nyeri aliyelala kitanda cha juu ya Kahonzi, alimwambia afanye haraka kabla kalamu nzuri hazijaisha wino.

Kahonzi hakuwa na machozi ya kuachana na mtu. Yeye alikuwa akihesabu siku. Nyumbani Muyeye, pale Malindi, alimwacha binti yake Kabibi akiwa na miezi saba. Sasa alikuwa na kumi na mmoja. Alikuwa ametambaa, ameota meno, amesema neno lake la kwanza, na yote hayo mama yake aliyapata kwa kusimuliwa.

Akatumbukiza ndoo. Kamba ikakaza. Akaanza kuvuta.

Ndipo aliposikia mtoto akilia.

Alidhani ni ndege. Akatazama juu. Hapakuwa na ndege. Kilio kikaja tena, kile cha kukatikakatika, cha mtoto mchanga anayezungusha kichwa akitafuta ziwa. Mama yeyote anakijua. Na hakikutoka juu kwa wenzake, wala hakikutoka vyumbani...

Kilitoka chini ya maji.

Kahonzi aliacha kuvuta. Kilio kikanyamaza. Akavuta pima moja. Kikaanza.

Kisha kifua kikamchoma. Ule mchomo wa sindano nyingi ndogondogo aliousahau. Akajishika. Blauzi ilikuwa imelowa pande zote mbili. Maziwa yake yalikauka wiki ya sita ya safari, na sasa yalikuwa yakichuruzika mpaka kiunoni, yakinuka uchachu, kama kibuyu cha mtindi kilichosahaulika juani.

Ndoo ikafika juu.

Maji yalikuwa meupe.

Aliyamwaga, akatumbukiza tena, akapata maji safi, akapima, akaandika. Tarakimu zilipanda mstari. Alipopanda juu, Nyakio alimpa fulana na kalamu, akamtazama usoni, akaivua sweta yake mwenyewe na kumfunika kifua bila kuuliza neno. Nyakio alikuwa mtu wa namna hiyo.

Ni yeye aliyemsaidia ile miezi ya mwanzo. Wiki ya kwanza matiti ya Kahonzi yalikuwa mawe, na homa juu yake. Nyakio, ambaye hakuwahi kuzaa, alikuwa akienda jikoni kila jioni kuomba maji ya moto, akitumbukiza taulo, akikamua, akimwekea. Halafu Kahonzi alikamua maziwa kikombeni. Ndipo swali lilipokuja: atayamwaga wapi?

Mama yake alikuwa amemuusia siku ya kufunga mzigo. Maziwa ya mama hayamwagwi motoni, yatakauka. Hayamwagwi penye siafu. Hayachanganywi na uchafu. Yamwage mahali safi, mwanangu, mahali pasipokanyagwa na mtu. Huko Muyeye watu humwaga shinani mwa mgomba. Melini hapakuwa na mgomba. Palikuwa na sinki walilotemea mate ya dawa ya meno, na choo. Kahonzi aliona aibu kuyapeleka maziwa ya mwanawe huko. Akatafuta mahali safi pasipokanyagwa na mtu, akapaona. Kila magharibi, wiki sita mfululizo, alishuka tezi na kikombe chake akakimimina baharini, akilitaja jina la Kabibi, akilia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya simu. Mtandao wa meli ulikuwa wa masomo tu, lakini kila Jumamosi mkuu wa safari aliwafungulia ofisi yake, kila mtu dakika kumi.

Kahonzi alimwamkia mama yake shikamoo, na kwa jinsi ile marahaba ilivyotoka, akajua kuna jambo. Mama alisema hakutaka kumtia hofu akiwa njiani. Kabibi alikuwa na homa siku ya tatu sasa. Ilimjia jua likizama, ikamwachia giza likitulia. Zahanati walimpima damu mara mbili, hana malaria. Asubuhi anacheza kama kawaida, lakini amepungua, mikono imekuwa vijiti. Na homa ikimwachia, leso aliyofunikwa huwa imelowa chapachapa. Mama aliikamua, akaionja kwa ncha ya ulimi.

"Si jasho," alisema. "Ni maji ya bahari."

Kahonzi akahesabu. Siku ya tatu. Ndiyo siku meli ilipong'oa nanga Shelisheli kugeukia nyumbani. Akamweleza mama yake habari ya kilio, ya kifua, ya ndoo.

"Yale maziwa ulikuwa ukimwaga wapi?"

"Baharini, mama. Ulisema mahali safi."

"Nilisema safi," mama akajibu polepole. "Sikusema penye wenyewe."

Kahonzi aliuliza kama atafutwe mganga, wako wengi huko Kaloleni. Mama akasema mganga atataka kukifukuza, na hicho hakifukuziki. Akamkumbusha Kambi. Kambi alikuwa mtoto wa jirani aliyefariki kwa uzazi, mama yake Kahonzi akamnyonyesha pamoja na Kahonzi mwenyewe, huyu kulia, huyu kushoto. Leo Kambi ni fundi wa pikipiki mwenye ndevu, na mtaa mzima unamjua kuwa ndugu yake Kahonzi, hawezi kumwoa wala kumwacha akiwa na shida. Na hajawahi hata siku moja kumpandishia sauti yule mama aliyemnyonyesha.

"Hicho nacho kimenyonya kwako wiki sita," mama alisema. "Ni mwanao, utake usitake. Kabibi ni dada yake. Kinamwendea kama ndugu amwendeavyo ndugu, wanavuta ziwa moja, na kimoja kina nguvu kumshinda mwenziwe."

"Nifanye nini?"

"Mtoto hafukuzwi, mwanangu. Mtoto huachishwa. Sasa wewe..."

Laini ikakatika. Dakika kumi zilikuwa zimekwisha, na nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wenzake saba.

Jioni ile Nyakio alimwambia alale, atamchotea yeye hayo maji. Kahonzi akabaki chumbani. Chumba chao kilikuwa chini, kidirisha chake cha duara kiko juu kidogo tu ya maji. Mwanga mwekundu wa jua ulikuwa umesimama ukutani kama sahani. Kahonzi alikaa kitandani akiitazama ile sahani ikipanda. Ikapanda... ikapanda... ikafifia.

Kilio kikaanza.

Safari hii hakikuwa mbali. Kilikuwa nyuma ya bati la meli, usawa wa mto wake. Kikawa kinasogea, taratibu, kama kinachotambaa. Kikafika kwenye kidirisha, kikanyamaza.

Kiganja kikabandikwa kwenye kioo.

Kilikuwa kidogo, cha kujaa kwenye kijiko. Cheupe na laini kama ndani ya chaza. Hakikuwa na mstari hata mmoja.

Kidirisha kilikuwa kimefungwa kwa skrubu, lakini maji yakaanza kupenya na kudondoka kwenye shuka, tone kwa tone, na chumba kikajaa ile harufu ya mtindi. Maziwa yake yakafunguka. Kisha kile kitu kikanong'ona. Kilinong'ona kwa sauti ya Gladys, jirani yao wa Muyeye anayeuza mahamri.

"Mama gani huacha mtoto wa miezi saba?"

Ni maneno ya Gladys kweli. Aliyasema mlangoni kwao wiki ya safari, mbele za watu. Kikayasema tena kwa sauti ya shangazi. Kikayasema kwa sauti ya mwalimu wa madrasa. Kahonzi akaziba masikio, na bado akayasikia, maana sauti ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe.

"Yule ulimwacha," ikamwambia. "Mimi ndiye niliyekufuata. Kochi nilikuwepo. Bali nilikuwepo. Nipeleke nyumbani. Nipe nafasi yake."

Kwa kitambo Kahonzi hakuweza kuinua kichwa. Yale maneno alikuwa ameyabeba miezi minne, akila nayo, akilala nayo. Alikuwa ameyaamini. Lakini lile la mwisho liliingia vibaya. Nipe nafasi yake. Aliiona ile mikono iliyokuwa vijiti. Hofu yake ikageuka ndani ya kifua kama mtu anavyogeuka usingizini, na alipoitazama tena ilikuwa hasira.

Akasogea mpaka uso wake ukakaribia kioo.

"Kesho magharibi," akanong'ona. "Tezi. Uje."

Kiganja kikateleza, kikatoweka.

Nyakio aliingia muda mfupi baadaye, amebeba ndoo, amechanganyikiwa. "Hii bahari yenu ina nini? Nimechota maziwa." Akaona shuka lililolowa, akaona kifua cha Kahonzi. Akaketi chini sakafuni. Kahonzi akamweleza yote tangu mwanzo. Nyakio alisikiliza akitafuna ukucha.

"Kwetu tungeita pasta," akasema mwishoni. "Lakini hapa sioni pasta. Mwambie tu nisimame wapi."

"Nimwambie nani?"

"Wewe. Uniambie wewe. Nimeogopa hata Kiswahili kimenitoka."

Wakacheka, wote wawili, kicheko kile cha watu wanaotaka kulia.

Kesho yake meli ilisimama kilomita chache nje ya mdomo wa Mto Sabaki. Hicho ndicho kilikuwa kituo cha mwisho cha masomo. Mvua zilikuwa zimenyesha bara, na mto ulikuwa ukitema matope mekundu mpaka mbali, bahari imegawanyika nusu buluu, nusu rangi ya chai ya maziwa. Mhadhiri aliwaonyesha mstari ule, wenzake wakapiga picha. Kahonzi alitazama ng'ambo yake, kwenye ufuko. Malindi. Angeweza kuufunika mji wote kwa kidole gumba. Nyuma ya kidole kile mtoto wake alikuwa akingojea jua lizame.

Usiku mzima alikuwa ameyageuzageuza maneno ya mama yake. Mtoto huachishwa. Vipi? Ndipo alipomkumbuka mdogo wake wa mwisho, alivyokuwa mkaidi, miaka miwili na nusu na bado anang'ang'ania. Mama alipaka mwarobaini. Mara moja tu. Mtoto alivuta, akakunja uso, akamtazama mama yake kama mtu aliyedanganywa. Hakurudi tena.

Kwenye begi lake palikuwa na kifuko cha majani makavu ya mwarobaini, mama alimtilia kwa ajili ya homa. Alikwenda nayo jikoni kwa Musyoka, mpishi, Mkamba wa Mwingi mwenye kitambi na sauti ndogo. Tangu aliposikia kuna mama anayenyonyesha melini, Musyoka alikuwa akimwekea uji pembeni kila saa kumi, na hata maziwa yalipokauka aliendelea kuuweka. Kahonzi alimwomba amchemshie majani yale mpaka yabaki matone. Akaanza kujieleza.

"Mwenye maswali ni daktari," Musyoka akamkatiza. "Mimi ni mpishi. Kikombe au chupa?"

"Kikombe."

Alichemsha karibu saa nzima. Alipompa kile kikombe, ule ugiligili ulikuwa mweusi kijani, mzito kama mafuta ya gari. Akamfunikia kwa kisahani, akamwambia ashike reli vizuri akishuka ngazi, chuma kimelowa.

Saa kumi na mbili kasoro simu ya Kahonzi ikatetemeka mfukoni. Walikuwa wamekaribia nchi kavu kiasi cha kupata mtandao. Ulikuwa ujumbe wa Kambi. *Leo homa imekuja mapema. Tuko zahanati. Anahema vibaya. Ndugu yangu, omba Mungu.*

Akairudisha simu mfukoni. Akashuka tezi.

Nyakio alimfuata, akasimama nyuma yake, akashika pindo la blauzi yake kwa mikono miwili. Injini zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya kituo. Hapakuwa na ngurumo. Hapakuwa na povu. Maji mekundu yalilala kimya chini yao kama sakafu iliyosiribwa. Kahonzi akatumbukiza ndoo.

Jua likagusa.

Kimya.

"Labda hakiji," Nyakio akanong'ona.

Kamba ikavutwa. Mara moja, taratibu, kama mtoto anavyovuta leso ya mama yake amtazame. Kisha ikawa nzito. Kahonzi akaona vidole, vidogo, vyeupe, vikipanda ile kamba kimoja baada ya kingine. Kikaja kichwa. Nywele laini zimelala kwa maji. Kikainua uso.

Kilikuwa na sura ya Kabibi.

Sio Kabibi wa sasa. Kabibi wa miezi saba, wa siku ile bandarini, na kile kikovu cha tetekuwanga juu ya nyusi. Ila macho hayakupepesa. Na kilipofungua mdomo, ndani mlikuwa na meno, safu mbili, madogo kama punje za mchele.

"Mama," kikasema.

Mikono ya Kahonzi ikainuka yenyewe. Hakuna aliyemfundisha mama kutoinua mikono. Kifua kilikuwa kinabubujika, kinauma, kinataka. Kama si Nyakio kumvuta blauzi kwa nyuma, angekwisha kuinama na kukichukua.

Akaivuta pumzi. Akafunua kikombe, akachovya vidole vitatu, akafungua blauzi, akajipaka. Ule uchungu aliusikia mpaka kooni. Halafu akapiga magoti kwenye chuma, akainama kwenye nafasi kati ya reli mbili, akalitoa ziwa la kushoto.

"Haya. Njoo."

Kikaja upesi. Ubaridi wake ulikuwa wa kipande cha barafu kilichobandikwa kwenye ngozi, na nguvu yake, mtoto hana nguvu ile. Kikauma. Kikavuta mara moja.

Kikaacha.

Uso wa Kabibi ukakunjamana. Ulimi ukatoka nje. Kikamtazama Kahonzi, na kwa mara ya kwanza yale macho yakapepesa, yakajaa, na kikalia. Hakikulia kilio cha kutisha. Kililia kama mtoto yeyote aliyenyimwa, na hilo ndilo lililokaribia kumshinda Kahonzi. Machozi yalikuwa yakimtoka naye. Lakini sauti haikumtetemeka.

"Imekwisha," akasema. "Umenyonya, sikukatai. Nilimimina mwenyewe. Basi kama mimi ni mama yako, nikisema unasikia. Yule ni dada yako. Humgusi. Nyumbani kwangu huingii."

Kikapapasa kamba, kikakaribia tena. Kahonzi hakurudi nyuma hata kidole.

"Na usiniambie tena nilimwacha. Nilikwenda kusoma. Maziwa yake niliyamwaga nikilitaja jina lake, na wewe ukashibia hapo. Mimi sina aibu nawe. Sina aibu na mtu."

Kile kilio kikapungua, kikawa kwikwi. Kisha kikanong'ona, na safari hii hakikutumia sauti ya mtu yeyote. Ilikuwa sauti yake chenyewe, nyembamba, kama upepo kwenye mdomo wa chupa.

"Mpaka lini?"

Kahonzi hakuwa amelifikiria swali hilo.

"Mpaka niseme," akajibu.

Vidole vikaachia kamba. Maji mekundu yakafunguka, yakafunga, yakatulia. Ndoo aliyoivuta baadaye ilikuwa na matope ya Sabaki tu. Nyakio alimsaidia kufunga vifungo, maana mikono ilikuwa imekufa ganzi, akaipangusa reli kwa mkono wa sweta yake. Kisha akakaa pale pale chini akatapika.

Simu ikatetemeka. Kambi tena. *Homa imeshuka ghafla. Amekaa. Ametema kitu kijani, daktari haelewi. Anataka mahamri ya Gladys.*

Mombasa walifika asubuhi. Bandarini palikuwa na vyeti, hotuba, na wanafunzi wanaokumbatiana bila kuachia. Musyoka aliwapungia kwa mwiko kutoka mlango wa jikoni. Kahonzi aliona watu watatu tu. Mama yake alikuwa amevaa leso mpya. Kambi alikuwa na mafuta ya pikipiki kwenye ndevu. Aliyempakata Kabibi alikuwa Gladys. Kumbe siku zote zile za homa, ni Gladys aliyefunga biashara yake mapema kila jioni ili ambebe mtoto kwenda zahanati, mama miguu ilikuwa inamsumbua. Alikwepa macho ya Kahonzi. Akasema tu kwamba mtoto huyu ni mzito, nani alisema amekonda, amchukue mwanawe.

Kabibi alimtazama mama yake kama mgeni, akalia. Kisha akanusa shingo yake. Akanyamaza. Akaulaza uso wake pale, akabaki.

Maziwa yalikauka siku ile ile. Kwenye ziwa la kushoto ilibaki alama, duara mbili za vitone, ndogo kama za punje za mchele. Haijafutika.

Sasa ni mwaka wa pili. Kahonzi ana kazi, anapima maji ya mikoko huko Kilifi, na jioni hurudi Muyeye. Hakuna aliyeugua tena. Ila kila bamvua, maji yanapojaa sana, asubuhi hukuta nyayo kwenye mchanga wa uani. Nyayo za mtoto, zimelowa, zinatoka upande wa bahari mpaka mlangoni. Zinakoma kwenye kizingiti. Hazijawahi kukivuka. Kahonzi huzipima kwa kiganja chake kabla ya kuzifagia. Zamani zilienea kiganjani. Kisha zikafika kwenye vidole. Mama yake humwambia asihofu, mtoto aliyeachishwa vizuri husikia. Kahonzi huendelea kufagia. Watoto husikia, lakini watoto pia hukua.

Bamvua lililopita alizikuta mbele ya mlango kama kawaida, vidole vikitazama ndani.

Na upande wa ndani, kwenye sakafu iliyofagiliwa usiku, palikuwa na nyayo nyingine. Kavu. Za unga wa mahamri. Aliijua ile miguu, aliiogesha yeye mwenyewe jana yake. Vidole vilitazama nje. Wawili walikuwa wamesimama pale uso kwa uso, kizingiti katikati, kwa muda mrefu kiasi cha mchanga kudidimia.

Kwenye kizingiti chenyewe palikuwa na nusu ya hamri, imeumwa. Kahonzi akaiokota, akazihesabu alama za meno. Safu mbili.

Kabibi alikuwa amelala kitandani, shavu lina joto la usingizi tu. Kahonzi alimtazama mpaka moyo ukatulia. Hakumwamsha, na fagio hakuligusa. Alisubiri mchana upite. Jua lilipoanza kushuka upande wa mashamba alichemsha mwarobaini mpaka ukawa mweusi, akatoa kigoda, akakiweka katikati ya mlango.

Gladys, akipita na sinia lake, akamuuliza anamngoja nani.

"Mwanangu," akasema Kahonzi.

Akaketi kizingitini, mgongo ndani, uso nje, kikombe kwenye mapaja, akakaza macho kwenye njia ya baharini.